Ukungu Juu ya Sarafu

Wateja walimwita Mama Springi, na jina lilimkaa kama kitambaa kilichovutwa vizuri juu ya kochi, bila kunyanzi hata moja. Kazi yake ilikuwa kuyavua makochi yaliyochoka na kuyavisha upya. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha chini, mlango ukitazama uchochoro wa mafundi. Ukiingia, pua inapokelewa na gundi, katani na lile vumbi la zamani linalotoka kwenye kiti kilichokaliwa na watu wengi. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nyuma ya cherehani kona ya kushoto, akishona foronya na kurusha maneno.

Kochi ukilipasua tumbo, halifichi kitu. Mama Springi alishatoa humo pini za nywele, vifuniko vya kalamu, jino la bandia, funguo za milango isiyojulikana iko wapi. Na sarafu. Zile zinazotumika alizifunga kwenye kifuko pamoja na vikorokoro vingine, akakining'iniza kwenye mguu wa kochi ili mwenyewe akute mali yake. Lakini zile za zamani, zilizoacha kutumika kabla hata mwenye kochi hajaoa, watu walizikataa.

"Fundi, hiyo hata muuza peremende haipokei," walimwambia. "Kaa nayo."

Akakaa nazo. Zilijaa taratibu kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, na kwa miaka mingi hakuzifikiria.

Ikatokea mwalimu mmoja wa muziki akaleta kiti kikubwa chenye mikono ya mbao, kitambaa chake kimekwisha mpaka unaona gunia. Mama Springi alikuwa akikifumua kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa na akili zao, vilijua msumari ulipo kabla yeye hajautafuta. Baina ya gunia na springi, vikagusa kitu chembamba na baridi. Akakivuta. Ilikuwa sarafu ndogo, si kubwa kuliko kifungo cha koti, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Maandishi yake yalijikunja kama mizabibu. Si ya nchi hii, na si ya nchi yoyote aliyowahi kuisikia ikitajwa redioni.

Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza. Upande mmoja palikuwa na mtu. Alikaza macho. Mwanamke, ndiyo. Mwanamke amesimama kwenye ngazi, ushungi wake umepeperushwa na upepo mpaka nyuma ya bega, na juu yake pana taa, kana kwamba ameiinua amulike mahali anapoteremkia. Kila kitu kilikuwa ndani ya ukungu, kama mtu anayeonekana kwa mbali asubuhi ya baridi.

"Wifi, hebu mwone huyu."

Wifi hakuinuka. Alinyoosha mkono, akaitazama sarafu muda wa kupepesa jicho, akairudisha. "Naona shaba."

"Tazama vizuri!"

"Wifi yangu, nimetunga sindano tangu asubuhi. Macho yangu yako likizo."

Mwalimu wa muziki alipokuja kuchukua kiti chake, Mama Springi alimwekea sarafu kiganjani. Mwalimu akatikisa kichwa. Kiti alikipata mnadani, waliokikalia mwanzo hakuwajua. "Wewe ndiye uliyempata," alisema, naye pia akasema "uliyempata" kana kwamba ni mtu. "Mchukue."

Kuanzia siku hiyo Mama Springi akawa na pa kwenda. Jioni akirudi nyumbani, kabla jua halijazama, alivuta kigoda karibu na dirisha la sebuleni, akaiweka sarafu kiganjani na kuikazia macho. Haikuchukua muda. Ukungu ulisogea kidogo na ngazi zikaanza. Aliteremka nyuma ya yule mwanamke, nyayo zikigusa jiwe lenye umande, na huko chini palikuwa na maji ambayo hakuwahi kuyafikia, aliyasikia tu yakipumua. Wakati mwingine mwanamke aligeuka nusu, kana kwamba anataka kusema kitu, kisha sufuria ikaanguka jikoni na Mama Springi akajikuta kwenye kigoda chake, shingo imekakamaa, goti limekufa ganzi.

Mumewe ndiye aliyeangusha masufuria. Alikuwa mpishi wa hospitali mpaka alipostaafu, na hata nyumbani alipika kwa kipimo cha wodi nzima, majirani wakafaidi.

"Mama watoto," alimwambia siku moja, mwiko mkononi, "hiyo sarafu imekuposa au vipi?"

"Ina picha nzuri, ila imefunikwa na ukungu. Sioni mwisho wake."

"Ukungu wa shaba huo. Sisi jikoni vitasa vikifanya hivyo tunavisugua. Dawa yake ninayo chini ya sinki."

Mama Springi hakuthubutu kumsugua yule mwanamke. Alitoa kwenye kopo la maziwa sarafu nyingine, pana, yenye mnyama wa pembe ndefu, wakaiweka juu ya gazeti, wao wawili wakaishambulia kwa tambara na dawa ya vitasa. Walisugua kwa zamu, wakicheka kama watoto wanaoiba sukari. Ilipokwisha, ilimeta kama kijiko cha harusi. Mume akaridhika. Mama Springi aliisogeza karibu na jicho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Ajabu ilikuwa hii: pamoja na kung'aa kote huko, ukungu ulikuwa palepale. Na mnyama alikuwa amepoteza manyoya ya shingo.

Wifi ndiye aliyemwambia kuhusu Mzee Bahasha. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za jengo la zamani, jirani na wapiga fotokopi, dogo kiasi kwamba mteja wa pili alisubiri nje. Aliuza stempu na sarafu, na kila kitu alikitia kwenye bahasha, hata chenji. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, mwenye tabia ya kunyamaza kwanza.

Aliitazama sarafu ya mnyama. Akanyamaza kweli.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza hatimaye.

"Mimi na mume wangu."

"Mnaelewana sana nyie."

Mama Springi aliona aibu, lakini kona ya mdomo wa mzee ilikuwa imeinuka kidogo, basi naye akacheka. Mzee akamweleza taratibu. Ile rangi ya kahawia tunayoidhania uchafu, alisema, ni ngozi ya sarafu. Imeiota yenyewe kwa miaka mingi. Ukiisugua umeichuna, na ngozi hairudi. "Hata kitambaa kikavu, usisugue. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi, iache ikauke yenyewe. Basi. Anayeanza, chombo chake cha kwanza ni kuizuia mikono yake."

Kisha Mama Springi akamfungulia leso yenye sarafu ndogo. Mzee alitandika kitambaa laini mezani kabla hajaipokea, ili hata ikiponyoka ianguke pahala pa heri. Akavaa glavu nyeupe za pamba. Akaishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika sahani ya moto, bila kuigusa uso.

"Unamjua huyu?" Mama Springi aliuliza.

"Wewe unamwonaje?"

Akamweleza: mwanamke, ngazi, ushungi, taa. Alieleza mpaka maji. Mzee Bahasha alisikiliza hadi mwisho, akamtazama kwa macho ya upole, na hakusema ndiyo wala siyo. "Umetembea mbali naye," alisema tu.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Hakununua kila kitu kwa mpigo, mzee mwenyewe alimkataza. Kwanza glavu, maana jasho la vidole lina chumvi na sarafu huandika kila alama ya kidole. Baadaye albamu ya kurasa zenye vifuko, na hapo mzee alimfundisha kunusa. Alimpa vipande viwili vya plastiki. Kimoja hakikuwa na harufu. Kingine kilinuka kama pazia jipya la bafuni.

"Hicho kinachonuka ndicho adui," alisema. "Laini, kizuri, kinavutia. Baada ya muda kinatoa jasho, sarafu inaota ukijani."

Mama Springi aliporudi karakanani alinusa kila kitu, wifi akimtazama kama amechanganyikiwa. Alikuwa amepanga kutengeneza trei kwa mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la mchungaji, akaipeleka dukani kwa majivuno. Mzee akainusa, akapiga chafya. Rangi, gundi, sponji, vyote vibaya. Mali yote ya Mama Springi ilikuwa sumu kwa sarafu. Mwishowe alichukua kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, akakifua mpaka maji yakawa maji tu, akakikunja mara mbili na kukishona pembezoni kwa ile sindano yake iliyopinda. Mzee alikipitishia mkono, akaagiza kingine kama hicho kwa ajili yake.

Mizani ndogo ya sonara alipewa na binamu wa mumewe. Kitabu cha picha za sarafu za dunia, kinene kama tofali, kilikuwa toleo la zamani ambalo mzee alimwazima. Alikipekua jioni nyingi akitafuta yale maandishi ya mizabibu, lakini picha zilikuwa ndogo na macho yalichoka upesi, akajikuta anazama kwenye kurasa za nchi nyingine, akipita katikati ya wafalme, meli na masuke, mpaka usingizi umchukue na kitabu kifuani.

Zikabaki taa na lenzi. Taa alinunua ya shingo ya kupinda, ili mwanga uje kwa ubavu na kuamsha kila mwinuko mdogo. Lenzi ilikuwa ya kukunja, ndani ya kikasha cha chuma, nzito kuliko ilivyoonekana. Siku aliyoipata alifunga karakana mapema. Alitandika kitambaa chake, akavaa glavu, akainamisha taa, akaisogeza lenzi mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Moyo ulimdunda kama msichana anayechungulia wageni waliokuja kumposa.

Mwanamke akaja, mkubwa. Na ukungu ukaja naye, mkubwa vilevile. Taa yenyewe, alipoitazama, ilikuwa imevaa duara la miale kama ua la alizeti.

Akafuta lenzi. Akafuta tena. Akakaa ameshika tama mpaka mumewe alipomwita kula.

Kesho yake aliingia dukani kwa Mzee Bahasha na lenzi mkononi. "Mzee wangu, usinielewe vibaya, lakini hii lenzi ni mbovu."

Mzee aliichukua, akaiangalia kwenye mwanga, akachungulia nayo ukucha wake. Hakubishana. Alivuta droo, akatoa sarafu iliyofungwa kwenye kikasha kigumu cha plastiki, kipya, angavu kama maji. Akampa pamoja na lenzi yake mwenyewe, ile aliyoitumia ujana wake wote.

"Tazama hii."

"Nzuri," alisema Mama Springi. "Lakini nayo ina ukungu."

Mzee akatoa nyingine. Ya tatu. Zote zilikuwa na ukungu.

Mzee akazipanga zote tatu mezani. Huko nje mashine ya fotokopi ilikuwa ikivuta karatasi na kuzitema. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayemwamsha mwenzake, "hizi zimetoka mtamboni zikafungwa. Hazijaguswa na mkono wa mtu. Ukungu haumo humu."

Mama Springi aliinua kichwa akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba uso wa mzee, kalenda nyuma yake, na mlango wa duka, vyote vilisimama mbali kidogo, nyuma ya pazia jembamba la maziwa. Alikuwa amelizoea pazia hilo. Alidhani ndivyo dunia inavyokuwa mtu akizeeka.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limetangulia. Daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye mikono midogo, alimwambia ugonjwa umekua polepole sana ndiyo maana hakushtuka. "Unafanya kazi gani?" Alipoambiwa, akaguna. "Basi umekuwa ukishona kwa vidole, mama."

Aliogopa, usiseme. Nguo anaweza kuzifumua na kuzishona upya, lakini jicho ni jicho. Mumewe alimsindikiza siku ya upasuaji akiwa amebeba bakuli la uji linalotosha watu sita, akawagawia waliokuwa kwenye benchi, wote wakisubiri macho yao. "Mimi nipo hapa mlangoni," alimwambia. "Ukiita tu, nasikia."

Ndani hakuona visu. Aliona mianga. Ilielea juu yake kama taa chini ya maji, bluu ikayeyuka ndani ya waridi, waridi ndani ya dhahabu, na mahali fulani sauti ya daktari ikamwomba asisogee. Hakusogea. Alijihisi anateremka, polepole, mkono wa mtu ukiwa mgongoni mwake.

Bandeji ilipotolewa, alichokiona kwanza kilikuwa bluu ya kitasa cha mlango. Hakujua kwamba bluu ipo hivyo. Alilia, daktari akamkataza kulia, naye akawa anacheka na kulia, huku mumewe akiuliza, "Vipi? Vipi? Mimi naonekana?"

"Umezeeka," alimwambia. "Kumbe una kovu nyusini."

"Miaka yote nilikuwa nalo!"

Jicho la pili lilifuata baadaye. Aliporuhusiwa kurudi karakanani, alisimama katikati ya chumba akigeuka taratibu kama mgeni. Alivuta karibu kiti alichokivisha kabla ya kwenda hospitali, akakagua mshono. Uzi ulikuwa wa rangi iliyolingana sawasawa na kitambaa, kijani cha jani changa. Akafungua boksi alimoweka uzi aliouchagua mwenyewe kwa kazi hiyo. Ulikuwa wa kijivu.

Akamgeukia wifi. Cherehani ikasimama.

"Ulikuwa unabadilisha."

"Mara mojamoja," wifi alisema, akitazama mguu wa cherehani.

"Tangu lini? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani umeanza kupenda kijivu." Kisha utani ukamwishia, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilidhani ni uchovu, wifi. Niliogopa nikisema utaumia. Nyuzi nilizijua. Macho sikuyajua, haki ya Mungu."

Mama Springi alikwenda akakaa kwenye benchi karibu naye, bega kwa bega. Nje, fundi baiskeli alikuwa akijaribu kengele, moja baada ya nyingine, akitafuta iliyo na sauti.

Alisubiri siku ya mapumziko ndipo akaitoa sarafu. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, kitambaa, glavu, taa ya ubavuni. Hakuharakisha. Akaweka lenzi jichoni, akashusha kichwa.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mwanamume, kijana, miguu peku. Ushungi uliopepea ulikuwa mganda wa ngano alioubeba begani, masuke yakining'inia nyuma, unaweza kuyahesabu punje. Ngazi zilikuwa matuta ya shamba, moja nyuma ya jingine mpaka upeo wa macho. Na taa ilikuwa jua, limechomoza au linazama, sarafu haikusema. Alikuwa kachongwa kwa ufundi wa kutisha. Hata kidole gumba cha mguu kilikuwa kimezama kwenye udongo.

Alimtazama sana. Alikuwa mzuri kuliko mwanamke wa ngazini, hilo alilikubali. Hata hivyo ilikuwa kana kwamba mtu alihama mtaa bila kuaga. Alimaliza kutazama, akauinua uso, na mumewe aliyekuwa akichambua mchele upande wa pili wa meza akamwuliza kulikoni.

"Ni mkulima," alisema.

"Nani?"

"Mwanamke wangu. Ni mwanamume, anarudi shambani na ngano."

Mumewe alifikiri, vidole ndani ya mchele. "Pengine yule mwingine ni mkewe. Yuko nyumbani anamsubiri, ndiyo maana hayupo kwenye picha."

Mama Springi alimtazama mzee huyu mwenye kovu nyusini, akahisi moyo umelegea. Akaitia sarafu kwenye kifuko kisichonuka, ukurasa wa kwanza wa albamu, peke yake. Kwenye kile kitabu kinene akaitafuta upya, na safari hii hakusinzia. Aliikuta jioni ileile, chini kabisa ya ukurasa, picha yake imefifia, jina la nchi yake alishindwa kulitamka. Haikuwa adimu. Mzee Bahasha alipopewa habari alitabasamu, akamwandikia kikadi cha maelezo kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, na kukitia, bila shaka, kwenye bahasha.

Sarafu za kopo la maziwa zilipata nafasi zao moja moja, hata yule mnyama aliyechunwa. Lenzi ilizoea kukaa karakanani kwenye mfuko wa aproni. Alasiri moja ya mvua, kazi imelala, wifi aliiomba. Alianza kwa kejeli, akachungulia pua ya Mama Springi, akapiga ukelele. Kisha akaielekeza kwenye kipande cha kitani kilichokuwa chini ya sindano yake, akainama zaidi.

"Wifi," alisema baada ya muda, bila kuinua kichwa. "Kumbe nyuzi zinapishana hivi. Moja juu, moja chini. Kama watu wanaopishana mlangoni."

"Lete nione."

"Subiri kwanza."

Alisogeza kitambaa taratibu chini ya kioo, mvua ikigonga bati, na Mama Springi akamwinamishia taa.